Jabia la Nyumba ya Faza

Basi letu liliondoka Mombasa baada ya sala ya alfajiri, likapita Malindi, Garsen na Witu, likatufikisha Mokowe jua limekwisha kupinda. Hapo barabara hukoma na bahari huanza. Nikavuka kwa boti hadi Amu, nikalala kwa jamaa, na kesho yake nikangojea maji yajae, kwa kuwa chombo kiendacho Faza hupita Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, na Mkanda wakati huo haukuwa ukimpa njia yeyote maji yakiwa yamekupwa.

Ndani ya mkoba wangu mlikuwa na karatasi moja. Marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia nyumba Faza, na warithi tulikuwa watatu: kaka zangu wawili na mimi. Kwa hesabu ya mirathi, fungu langu ni moja katika matano. Kaka zangu walikuwa wamekubaliana kulifukia jabia la uani na kujenga juu yake vyumba viwili vya kupangisha. Kilichobaki kilikuwa saini yangu, nami nilikuwa nimekwisha azimia kuitia. Niliona tu kwamba si adabu shangazi, akaaye katika nyumba ile, apate habari hiyo kwa simu. Shangazi hana fungu, kwa kuwa ndugu yake aliacha watoto wa kiume. Anakaa kwa wema wa jamaa, na maji anywayo ni ya jabia hilo.

Katika Mkanda mikoko husogea pande zote mbili hata ukadhani chombo kinapita uchochoroni. Abiria hunyamaza hapo. Ng'ambo ya pili ya Manda kuna magofu ya Takwa, mji uliohamwa katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa za kuhamwa kwake ni kwamba maji ya visima yaligeuka kuwa ya chumvi. Nilikuwa nimeyazuru magofu hayo nikiwa msichana wa shule, nikapiga picha, wala sikuulizia visima.

Tukagusa Mtangawanda, wakashuka wa Pate na Siyu, nasi tukaendelea. Nilifika Faza adhuhuri. Nikamwamkia shangazi, akanijibu marahaba, akanitandikia mkeka barazani na kunipa gilasi ya maji. Yalikuwa maji ya baridi bila barafu, hayana chumvi wala harufu ya dawa. Niliomba gilasi ya pili. Akanipa, akatabasamu, lakini nilimwona akiufunika mtungi kwa uangalifu kuliko ilivyokawaida ya nyumba zetu.

Kosa langu lilikuja jioni. Mwili ulikuwa na chumvi ya bahari na vumbi la njia nzima ya Garsen. Nikaenda uani, nikafunua kifuniko cha jabia, nikateka ndoo mbili, nikaoga kama tunavyooga Mombasa siku ambayo bomba limetoka. Nilipomaliza nilikuta shangazi amesimama mlangoni na taa. Hakunikemea. Alisema tu, "Mwanangu, hiyo uliyoogea ni mvua ya mwaka jana."

Asubuhi binti yake ndiye aliyenifahamisha. Nyumba ile ina watu wanne: shangazi, binti yake na wajukuu wawili. Kwa siku hutumia mitungi mitatu ya plastiki ya lita 20, yaani lita 60 za maji matamu, kwa kunywa, kupika, kutawadha na kusuuzia. Kufua na sehemu kubwa ya kuoga ni kwa maji ya kisima, ambayo ni ya chumvi. Mtu hujisugua kwa maji ya kisima na dodoki, kisha hujimwagia kata mbili au tatu za maji matamu kuondoa chumvi mwilini. Mimi peke yangu, kwa kuoga mara moja, nilikuwa nimemaliza lita 40.

Kata yenyewe ni ya kifuu cha nazi kilichotiwa mpini wa mti. Nilidhani imewekwa pale kwa ajili ya uzee wa shangazi na mapenzi yake ya vitu vya zamani. Kumbe ndiyo kipimo cha nyumba. Ukitumia kopo la plastiki huwezi kujua umechota kiasi gani, kwa kuwa kila kopo lina ukubwa wake. Kata ni moja, na mkono umeizoea. Kwa udhu hutosha kata tatu. Nilizipima baadaye kwa chupa, zikawa hazifiki lita moja. Sote tumefunzwa madrasa ile Hadithi ya Anas (r.a.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja na kuoga kwa pishi moja hadi mudi tano, na mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyokutanishwa. Nimeihifadhi tangu utotoni. Kuitenda, nikiri, sikupata kuitenda mpaka siku ile, nikiwa nimeinama uani kwa shangazi, binti wa miaka tisa akinihesabia kata.

Sasa niseme juu ya jabia lenyewe, maana wasomaji wengi wa mijini huenda hawajaliona. Ni tangi la mawe lililochimbwa ardhini na kupigwa chokaa ndani. Katika visiwa hivi vya kaskazini yapo majabia ya mji mzima, yenye sakafu pana iliyoinamishwa ili mvua itiririkie tangini, na yapo madogo ya majumbani. La nyumba yetu lilijengwa na babu. Lina urefu wa mita 3, upana wa mita 2, na maji yakijaa hufika kina cha mita 2 na nusu. Ukizidisha utapata lita 15,000. Kwa matumizi ya lita 60 kwa siku, hayo ni maji ya siku 250, yaani zaidi ya miezi minane. Babu hakusoma hesabu ya shule, lakini alijua urefu wa kiangazi.

Zamani jabia lilipokea maji ya sakafu ya uani. Baada ya moto mkubwa wa mwaka 2009, ulioteketeza sehemu kubwa ya Faza, paa la makuti la nyumba yetu lilibadilishwa likawa la mabati, na baba akafunga mlizamu ukutani kuyaelekeza maji ya paa jabiani. Nyumba ya makuti ni ya baridi, na shangazi huilalamikia joto la mabati kila adhuhuri. Lakini maji ya makuti yana rangi na harufu, na ya mabati ni safi, iwapo paa ni safi.

Hesabu ya paa ni nyepesi, na ningependa kila mama mwenye nyumba aijue. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la shangazi lina mita 8 kwa 6, yaani mita 48 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo wakati wa masika si ajabu kunyesha usiku mmoja, huleta lita 960. Ondoa sehemu moja katika tano kwa yale yanayoruka, yanayovuja na yanayomwagwa kwa makusudi, zitabaki karibu lita 770. Kwa nyumba ya shangazi hizo ni siku 12 na zaidi.

Nimesema yanayomwagwa kwa makusudi. Kabla ya masika paa hufagiwa, majani na mavi ya ndege yakaondolewa. Hata hivyo mvua ya kwanza hairuhusiwi kuingia. Chini ya mlizamu pana kipande cha bomba kinachogeuzwa kwa mkono. Mvua ikianza, mjukuu mkubwa hutoka mbio na kukigeuza upande wa migomba, maji yakamwagika huko mpaka yawe meupe. Ndipo hurudisha bomba jabiani. Ni kazi anayoigombania na nduguye. Mdomo wa jabia umefungwa kitambaa cha kaniki cha kuchujia, na juu yake kifuniko cha mbao kisichopitisha mwanga. Giza ndilo linalozuia ukungu wa kijani kuota majini.

Mbu nao wana dawa yao. Ndani ya jabia wamo visamaki vidogo, wazao wa samaki ambao shangazi alipewa na jirani miaka mingi iliyopita. Wenyeji wa Amu pia huwatia samaki katika mabirika ya vyoo vyao vya mawe kwa sababu hiyo hiyo. Mbu hutaga juu ya maji yaliyotuama, na mayai huwa mbu warukao kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Samaki huwala viluwiluwi kabla ya muda huo kutimia. Nilimuuliza shangazi kama hachukizwi kunywa maji waliyomo samaki. Akaniuliza kama mimi sichukizwi kunywa maji ambayo hata samaki hawezi kukaa ndani yake. Sikuwa na jibu la haraka.

Maji ya kunywa hata hivyo hayanywewi yalivyo. Huchujwa kwa kitambaa safi, kisha huchemshwa mpaka yatokote sawasawa kwa dakika nzima, yakatiwa mtungini. Siku ambazo kuni ni haba, hasa kuni za makumbi na vifuu wanazotumia, binti wa shangazi hujaza maji yaliyochujwa katika chupa za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, na kuzilaza juu ya bati kwenye jua kali kwa saa sita. Kukiwa na mawingu huziacha siku mbili. Maji lazima yawe meupe kabla ya kuanikwa, kwani jua haliwezi kupenya tope. Njia hii alifundishwa kliniki, naye akaichukua kana kwamba ni ya bibi zetu.

Ya jikoni sitayasema mengi. Maji ya kuoshea mchele huenda kwenye mchicha, ya udhu hukingwa kwa beseni na kumwagiwa mrehani na mwasumini, masufuria husuguliwa kwa jivu. Haya mengi wetu tuliyaona kwa mama zetu, tukayaacha tulipopata sabuni ya chupa.

Siku ya pili nilimwambia shangazi kilichonileta. Alikuwa anakuna nazi. Hakuinuka juu ya mbuzi. Aliimaliza nazi ile, akaikung'uta, ndipo akasema nyumba ni yetu na sisi ndio wenye kuamua. Kisha akasema jabia lina ufa, na kwamba kaka yangu mkubwa ana haki kusema halishiki maji. Alikuwa anatetea upande usio wake. Nilitamani anilaumu, ingekuwa rahisi zaidi.

"Ufa uko wapi?" nikamuuliza.

Akaniletea ufito wa mkoko wenye alama za kisu. Kila Ijumaa huuzamisha na kutazama maji yamefika alama ipi. Anajua siku saba za matumizi hushusha maji kiasi gani. Kila baada ya masika, jabia likiwa limejaa, maji hushuka upesi kuliko hesabu yake. Yakifika alama ya mita moja na nusu, mshuko hurudi kuwa wa kawaida. Basi ufa uko hapo, juu kidogo ya alama hiyo, wala hauko chini. Hakuhitaji fundi kumwambia. Mita moja ya juu ndiyo inayopotea, na mita moja ya jabia lile ni lita 6,000: maji ya siku 100. Ndiyo maana kila mwaka, kaskazi ikielekea mwisho, huishiwa na kununua maji kwa mtungi mmoja mmoja. Siku niliyopima mimi, katikati ya mwezi wa Machi, palikuwa na kina cha sentimita 40. Siku 40, ikiwa hapana mgeni wa kutoka Mombasa.

Tulimwita fundi mzee wa mtaa wa pili. Akashuka kwa ngazi, akagonga ukuta kwa mpini wa mwiko, akausikiliza. Ufa ulikuwa pale pale. Uliwahi kuzibwa kwa saruji wakati wa uhai wa baba, na kiraka kilikuwa kimebanduka. Alitueleza kwamba saruji ni ngumu na ukuta wa chokaa ni laini. Ukuta ukisogea kidogo kwa joto au kwa uzito wa maji, saruji haikubali kusogea nao, huachana. Ufa wa chokaa huzibwa kwa chokaa. Hutanuliwa kwanza, husafishwa, hulowanishwa, kisha hujazwa mchanganyiko wa chokaa na mchanga usio wa pwani, kwa kuwa mchanga wa pwani una chumvi. Halafu hufunikwa kwa magunia mabichi siku kadhaa ili usikauke kwa pupa.

Hapa niweke neno moja, kwa kuwa tunapenda kuyasifu ya kale kana kwamba hayakuwa na gharama. Chokaa ya babu ilipatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe juu ya tanuri la magogo, na mikoko mingi ilikatwa kwa ajili hiyo. Leo matumbawe na mikoko vinalindwa, na ni haki. Fundi wetu hutumia chokaa ya mfuko. Jabia lile limekwisha kugharimu lililogharimu. Kulifukia hakuirudishi mikoko.

Usiku ule sikulala upesi. Niliwaza nyumba yangu ya Mombasa. Maji yetu, siku yanapotoka, baadhi yake husafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo. Siku yasipotoka, namnunulia hamali wa mkokoteni, siulizi ameyateka wapi. Na juu ya vichwa vyetu pana paa la mita 60 za mraba. Mombasa hupata mvua ipatayo milimita 1,000 kwa mwaka. Basi lita 60,000 huangukia paa langu, hupita kwenye mlizamu uliotoboka, huingia barabarani na kuchafua kanzu za wapitao kwenda msikitini. Nimeishi hapo miaka kumi na saba. Kila mwezi nalalamikia maji.

Baada ya alfajiri nilimpigia simu kaka mkubwa. Alinisikiliza. Kisha akanieleza kwa upole kwamba ana watoto watatu shuleni, kwamba vyumba viwili vya kupangisha vitasaidia sote, hata mimi, na kwamba watamnunulia shangazi tangi la plastiki la lita 5,000 waliweke pembeni. Si mtu mbaya kaka yangu, na pesa ya karo si jambo la mzaha. Nami ninayo karo ya kulipa. Lakini lita 5,000 ni siku 83. Nilimwambia hesabu hiyo. Akanyamaza. Nikamwambia na ile ya ufa, siku 100 zinazopatikana kwa chokaa na kazi ya siku chache. Akasema, "Mbona shangazi hakutwambia?"

Sikumjibu swali hilo. Nilimwambia kwamba fungu langu katika ua, lile moja katika matano, nataka liwe pale penye jabia. Wao wachukue upande wa barabara, wajenge chumba kimoja badala ya viwili.

Akacheka. "Umechagua shimo."

"Nimechagua shimo," nikasema.

Akasema atazungumza na kaka mdogo, na kwamba jambo kama hili haliamuliwi kwa simu, sharti tukutane mbele ya kadhi au walau mbele ya mjomba. Hilo ni kweli, wala sikupinga. Lakini alikubali fundi aanze, gharama zikatwe katika fungu langu iwapo hatutaelewana.

Shangazi nilimweleza tulipokuwa tunachambua mchele. Hakusema neno juu ya nyumba. Aliniuliza kama fundi anajua kwamba samaki lazima watolewe kwanza, na wakitolewa watawekwa wapi, kwa kuwa mtungi wa udongo ni mdogo kwao na ndoo ya plastiki hupata joto. Tukatumia asubuhi yote kwa jambo hilo. Mwishowe jirani mwenye birika akakubali kuwapokea, kwa sharti kwamba wakizaa kwake, nusu ya watoto watabaki.

Nilirudi Amu kwa maji ya mchana. Karatasi ilikuwa mkobani bado, haina saini, imelowa pembe moja kwa mawimbi ya Mkanda. Kaka mdogo hajanijibu mpaka leo. Fundi amenitumia salamu kwamba ameutanua ufa na anangojea mifuko ya chokaa ivuke kutoka Amu, na shangazi ameagiza kwamba mpini wa kata umelegea, niangalie sokoni Mombasa kama wauzao kata bado wapo.